Kurekebisha dozi ya insulini ya usiku: mwongozo kamili kwa anayeamka na sukari ya juu au anayeshuka usiku

Sukari ya asubuhi ikisoma 11 au 12, wengi huongeza yuniti mbili tatu usiku unaofuata na kungoja matokeo. Kuna siku hilo ndilo jibu sahihi, na kuna siku ndilo linalomshusha mtu sukari saa tisa usiku, nyumba nzima imelala. Kipimo cha asubuhi peke yake hakikuambii uko upande gani. Namba ileile ya 11 inaweza kutokana na chakula cha jioni, dozi ndogo, insulini iliyoisha nguvu kabla ya alfajiri, au soda uliyokunywa usiku wa manane baada ya kushtuka umelowa jasho. Dozi ya usiku huhukumiwa kwa kilichotokea kati ya kulala na kuamka, kwa hiyo kazi kubwa ni kukijua kipande hicho kabla ya kugusa namba yoyote kwenye sindano.

Vipimo vyote hapa ni vya mmol/L, kama mashine nyingi za Tanzania na Kenya zinavyosoma. Kama yako inasoma mg/dL, gawanya kwa 18.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye kisukari aina ya pili, anayechoma dozi moja ya insulini usiku na ambaye kliniki yake imemruhusu kuirekebisha mwenyewe. Mjamzito, mtoto, mwenye ugonjwa wa figo au ini, na mzee anayeishi peke yake wasibadilishe dozi bila daktari. Mwenye aina ya kwanza anaweza kutumia njia hii ya kupima na kusoma usiku, lakini hesabu zake za kupandisha na kushusha ni nyingine, na insulini yake ya msingi (ile ya muda mrefu ya kila siku) haiachwi hata siku moja, hata akiwa hali chakula.

Mkubaliane mambo matatu kliniki

Kabla ya kuanza, daktari au muuguzi wa kliniki ya kisukari akuandikie kwenye daftari: lengo lako la asubuhi, kiasi cha kuongeza kila mara, na dozi ya juu ambayo hutaivuka bila kurudi kwake. Kwa watu wazima wengi lengo la asubuhi kabla ya kula ni kati ya 4.4 na 7.2. Mzee, mwenye ugonjwa wa moyo, au mtu ambaye amewahi kuzimia kwa sukari kushuka huwekewa lengo la juu zaidi, na hakuna sababu ya kushindana na mwenye 5.5.

Waulize pia kuhusu vidonge vyako. Metfomini haina shida na insulini ya usiku. Glibenklamaidi ndiyo ya kuangalia: hulazimisha kongosho litoe insulini kwa saa nyingi, na kidonge cha jioni pamoja na sindano ya usiku ni njia ya uhakika ya kushuka alfajiri, hasa kwa mwenye figo dhaifu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa haiwafai watu waliovuka miaka 60. Kama bado unaimeza jioni, suala hilo litatuliwe kwanza.

Ijue insulini uliyonayo

NPH, inayouzwa kwa majina kama Insulatard na Humulin N, ndiyo ya ukungu, nyeupe kama maziwa ikishachanganywa. Huanza kazi saa moja hadi mbili baada ya kuchoma, hufika kileleni kati ya saa ya nne na ya nane, kisha hushuka taratibu. Ukichoma saa moja jioni pamoja na chakula, kilele kinaangukia kati ya saa tano na saa tisa usiku, wakati mwili unahitaji insulini kidogo kuliko wakati wowote. Kufika alfajiri nguvu imepungua, na hapo ndipo homoni za kotisoli na za ukuaji zinaliamuru ini kumwaga sukari kwenye damu. Matokeo yake ni hatari katikati ya usiku na namba ya juu asubuhi, vyote kwa dozi moja. Ukichoma saa nne au saa tano usiku, kilele kinasogea hadi alfajiri yenyewe. Watu wengi wa NPH hawahitaji kuongeza hata yuniti moja. Wanahitaji kusogeza saa.

Glajini (Lantus na nyinginezo) ni angavu kama maji, haina kilele kikubwa, na hudumu karibu saa 24. Utafiti uliochapishwa 2003 ukilinganisha NPH na glajini za wakati wa kulala kwa wenye aina ya pili ulikuta zote mbili zinashusha sukari kwa kiwango kinachokaribiana, ila waliochoma glajini walishuka usiku mara chache zaidi. Kwa hiyo mwenye NPH asijione ameachwa nyuma. Anachohitaji ni kuwa makini zaidi na saa na kipimo cha usiku.

Insulini ya mchanganyiko, kama Mixtard 30, ni jambo jingine kabisa. Asilimia 30 yake ni insulini ya haraka inayohitaji chakula. Huchomwa kabla ya mlo wa jioni, na haipaswi kusogezwa hadi wakati wa kulala kwa kuiga wenye NPH. Ukiichoma saa nne usiku bila kula, utashuka kabla ya saa saba. Mwenye Mixtard anayeamka na namba za juu arudi kliniki. Mara nyingi hutenganishiwa, ya haraka ikabaki na chakula na NPH ikahamia wakati wa kulala.

Hakikisha tatizo ni dozi kweli

Hapa ndipo muda mwingi hupotea bure, maana dozi hupandishwa wakati insulini yenyewe haifiki mwilini inavyostahili.

Anza na ngozi. Pitisha vidole tumboni na mapajani mahali unapochoma. Ukikuta uvimbe laini au mgumu kama mpira, insulini inayoingia hapo hunyonywa siku moja nyingi, siku nyingine kidogo, na hakuna hesabu itakayokaa sawa. Acha eneo hilo kwa miezi kadhaa. Lakini usihamie ngozi nzima na dozi ileile bila kuwauliza kliniki: insulini sasa itanyonywa yote, na wengi hushuka siku hizo za kwanza. Dozi hupunguzwa kwanza, kisha hujengwa upya. NPH ya usiku ichome pajani au makalioni, ambako hunyonywa taratibu kuliko tumboni, na kila sindano iwe umbali wa sentimita moja au zaidi kutoka ilipoingia ya jana.

Halafu uchanganyaji. NPH ikikaa, chembe zake huzama chini ya kichupa. Vingirisha kichupa kati ya viganja mara 10, kisha kipindue juu chini mara 10, hadi weupe uwe sawa kote. Usitikise kwa nguvu. Asiyechanganya vizuri huvuta insulini nyepesi mwanzoni mwa kichupa na nzito sana mwishoni, kisha hushangaa kwa nini kichupa kipya kila mara kinampandisha sukari. Ikibaki na mabonge au ukungu uliogandia kwenye kuta za kichupa, itupe.

Sindano nayo. Kichupa cha U-100 kina yuniti 100 kwa kila mililita, na bomba lake lazima liandikwe U-100. Bado kuna sehemu zenye vichupa na mabomba ya U-40. Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40, mstari wa 20 utakuwa na yuniti 50, na kosa hilo linaweza kuua. Soma maandishi yote mawili kila unapobadilisha duka.

Kuhusu joto: kichupa kisichofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, na kilichowahi kuganda hakifai tena. Kilichofunguliwa hukaa nje ya friji kwa wiki nne hivi, kivulini. Pasipo umeme, mtungi wa udongo kwenye mchanga wenye unyevu, kichupa kikiwa ndani ya kikopo kisichopitisha maji, hufanya kazi nzuri. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima jambo hili kwa kutumia joto la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya, na matokeo yao ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa insulini iliyokaa wiki nne kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu. Hilo halihalalishi dirisha lenye jua wala dashibodi ya gari.

Mwisho, mashine. Nawa mikono kwa sabuni na ukaushe kabla ya kujichoma kidole. Utomvu wa embe au chembe ya sukari kwenye kidole hupandisha namba vya kutosha kukufanya uongeze dozi usiyoihitaji. Stripu ziwe hazijapita tarehe, na kopo lake lifungwe kila baada ya kutoa moja.

Vipimo vya usiku, kwa siku tatu

Chagua siku tatu za kawaida, si lazima zifuatane. Kula saa moja au saa mbili jioni, chakula chako cha kila siku, na usile tena hadi asubuhi isipokuwa sukari imeshuka. Siku ya harusi, ya homa, ya kulima kutwa au ya pombe usiihesabu.

Pima mara tatu: saa nne usiku kabla ya kuchoma, saa tisa usiku kwa kengele ya simu, na saa kumi na mbili asubuhi kabla ya chai. Andika saa, namba, dozi, sehemu uliyochoma na ulichokula jioni. Kama stripu ni za kubana, fanya kipimo cha saa tisa kwa siku mbili badala ya tatu, lakini usikifute. Ndicho cha thamani kuliko vyote.

Ukienda kulala na namba chini ya 5.5 na unachoma NPH, kula kidogo kwanza: kikombe cha maziwa na kipande cha mkate kinatosha. Ikiwa chini ya 3.9, tibu kushuka kwanza, hakikisha imepanda, kisha fuata maelekezo ya kliniki kuhusu kupunguza dozi ya usiku huo. Kwa vyovyote, usiku huo hauingii kwenye hesabu.

Namba zinasema nini

Chukua usiku wa 7.4, kisha 7.9, kisha 10.8. Umelala vizuri, katikati ya usiku umetulia, ukapanda alfajiri. Hiyo ni dalili ya insulini kuisha nguvu au kuwa kidogo. Kama unachoma NPH mapema, sogeza hadi saa nne au saa tano na upime tena siku tatu kabla ya kuongeza chochote. Kama tayari unachoma wakati wa kulala, dozi inaweza kupanda.

Sasa usiku wa 14.2, 12.5, 11.0. Asubuhi ni ileile ya 11, lakini habari ni kinyume. Dozi imeshusha sukari kwa zaidi ya 3. Imefanya kazi, pengine kupita kiasi. Kosa liko kwenye sahani ya jioni: kilima cha ugali au wali, chai ya sukari baada yake, ndizi mbili za kumalizia. Ukiongeza yuniti ili kulazimisha 11 iwe 7, siku utakayolala na 7 dozi hiyohiyo itakupeleka kwenye 3. Hili ni kosa la kawaida katika insulini ya usiku, na linafanywa hata na watumishi wa afya wanaoangalia kipimo cha asubuhi tu. Kanuni ya kushika: sukari ikishuka kwa 2.8 au zaidi kutoka kulala hadi kuamka, acha kupandisha dozi ya usiku. Punguza wanga wa jioni, ule mapema zaidi, utembee dakika 20 baada ya mlo. Isipotosha, kliniki itatazama dawa ya mlo huo.

Usiku wa 9.0, 8.8, 9.2 upo katikati. Dozi inaishikilia sukari palepale ilipo. Kwa mwenye aina ya pili, yuniti mbili za nyongeza zinaruhusiwa, lakini mimi ningeanza na chakula cha jioni, kwa sababu namba ya 9 wakati wa kulala tayari ni ya mlo.

Na usiku wa 8.1, 3.4, 9.6. Michael Somogyi, katika miaka ya 1930, alieleza kuwa mwili ukishuka sukari hujibu kwa kuirusha juu. Vihisio vya kubandika mwilini vinavyosoma sukari usiku kucha vimeonyesha kwamba mara nyingi anayeshuka usiku huamka na namba ya kawaida au ya chini, si ya juu. Kwa hiyo usidhani kila asubuhi ya juu ina kushuka nyuma yake. Lakini ukiiona 3.4 kwa macho yako, haijalishi asubuhi imesoma ngapi: dozi inashuka. Dalili nyingine za kukufanya ushuku ni shuka kulowa jasho, ndoto za kutisha na kuamka na maumivu ya kichwa.

Kupandisha

Dozi ya kuanzia kwa kawaida ni yuniti 10, au 0.1 hadi 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Masharti ya kupandisha ni matatu kwa pamoja: vipimo vitatu vya asubuhi viko juu ya lengo, hakuna hata kimoja cha usiku kilichokuwa chini ya 3.9 (mimi ningetaka visishuke chini ya 5), na kushuka kutoka kulala hadi kuamka hakujafika 2.8. Yakitimia, ongeza yuniti 2. Baki hapo siku tatu kamili. Pima, kisha amua tena.

Siku hizo tatu si urasimu. Glajini huchukua siku kadhaa kutulia kwenye kiwango kipya, na hata NPH hutofautiana usiku hadi usiku kwa mtu yuleyule. Anayeongeza kila siku hujikuta amerundika yuniti 6 kabla ya kujua zile mbili za kwanza zilifanya nini.

Mtu wa kilo 70 anaweza kutoka 10 hadi 12, 14, 16 ndani ya siku kumi hivi. Rudia kipimo cha saa tisa usiku kila baada ya hatua mbili. Asubuhi zikiingia kwenye lengo, simama. Hakuna zawadi ya kufika 4.5. Ukikaribia nusu yuniti kwa kilo, yaani 35 kwa mtu huyu, na asubuhi bado iko juu, nyongeza zaidi huleta kushuka na unene kuliko faida.

Kushusha

Hapa hakuna kungoja siku tatu. Kipimo kimoja chini ya 3.9 usiku au asubuhi, bila sababu inayoeleweka, kinatosha kupunguza asilimia 10 hadi 20 usiku unaofuata: 20 iwe 18 au 16. Ikiwa chini ya 3.0, au ulihitaji mtu kukusaidia, punguza asilimia 20 na upige simu kliniki siku hiyohiyo. Kama sababu inajulikana, mfano ulikosa chakula cha jioni, rekebisha sababu.

Ukishtuka usiku umeshuka

Kando ya kitanda pawe na mashine, sukari na maji, si jikoni. Koroga vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, unywe. Soda ya kawaida, mililita 150, hufanya kazi hiyohiyo. Isiyo na sukari haisaidii kitu. Ngoja dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini ya 3.9. Ikishapanda, kula kipande cha mkate au kiazi kitamu, kwa sababu NPH bado inafanya kazi. Usimalize chupa nzima ya soda na mandazi matatu kwa hofu, maana ndiko inakotoka ile 13 ya asubuhi.

Mfundishe unayelala naye chumba kimoja. Akikukuta huamki au huwezi kumeza, asikumiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Akulaze ubavu, akuchome glukagoni (sindano ya kupandisha sukari) kama ipo, akupeleke hospitali mara moja.

Usiku usio wa kawaida

Pombe hulizuia ini kutoa sukari, na athari yake hufika alfajiri. Usinywe bila kula, na pima saa tisa. Siku ya kulima au kubeba mizigo, misuli huendelea kuvuta sukari usiku kucha. Kliniki nyingi huruhusu kupunguza dozi ya usiku huo kwa asilimia 10 hadi 20.

Ramadhani ina hesabu yake. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unaelekeza dozi moja ya NPH au glajini ichomwe wakati wa kufuturu, ikiwa imepunguzwa kwa asilimia 15 hadi 30. Kupima sukari hakubatilishi swaumu kwa mujibu wa wanazuoni wengi. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, funga inafunguliwa, hata kama magharibi imebaki nusu saa. Mpango huu upangwe na daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama.

Ukisahau kuchoma na ukakumbuka ndani ya saa mbili, choma dozi yako. Ukikumbuka alfajiri, usichome dozi nzima wala usiunganishe mbili usiku unaofuata. Piga simu kliniki wakupe kiasi cha kuvukia siku.

Ukifika kikomo na asubuhi bado iko juu, rudi na daftari lenye vipimo vya saa nne, saa tisa na saa kumi na mbili. Kwa daftari hilo daktari anaweza kuamua papo hapo: kuhamia glajini, ambayo pamoja na insulini nyingine za aina yake imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2021, kuongeza insulini ya haraka kwenye mlo wa jioni, au kushusha dozi ya usiku na kuanza upya.